Toleo Lisilo na Maneno

Ijumaa ile vitu vya Valerian vilikuwa vimeshaingia kwenye boksi la karatasi, chini ya kaunta, na mimi nilikuwa nimeshaapa kwamba sitamlilia tena. Boksi lenyewe halikujaa. Shati la mikono mirefu, kalamu nne za wino, rula, chaja, na kikombe alichopenda kunywea chai akija dukani kwetu. Miaka miwili ya mapenzi, na bado ilibaki nafasi ya kutosha kilo mbili za sukari. Kila nilipoiangalia ile nafasi nilipata hasira upya.

"Tangu asubuhi unalisukuma hilo boksi kwa mguu," alisema dada Paskazia, mwenye steshenari. Alikuwa anaipepea mashine ya fotokopi kwa kipande cha kadibodi, maana ikipata joto inagoma, na Katoro joto halina likizo. "Litatoboka."

"Adam akipita alichukue ampelekee mwenyewe."

"Kwani wewe huna mikono?"

"Dada, mimi na yule tumemalizana."

Alinitazama tu. Paskazia ndiye aliyenipa kazi nilipofika mji huu na Mbuke wangu mgongoni, miezi minane, baba wa mtoto ameshahamia machimbo mengine na mwanamke mwingine. Kwa hiyo ana haki ya kunitazama anavyotaka.

Valerian ni fundi umeme wa makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu mchana kutwa mpaka meno yanakuuma. Lakini Katoro haimjui kwa nyaya, inamjua kwa katuni. Alijifunza kwenye simu zile katuni za Kijapani wanazoziita manga, za watu wenye macho makubwa na nywele zilizosimama, akaanza kuchora za kwetu. Kila mwezi kijitabu kimoja. Sisi tunakifotokopi na kukibana pini, Adam rafiki yake anakizungusha kwenye makarasha, na wachimbaji wanakisoma mpaka kinachanika.

Anayesimuliwa humo ni Shimba. Sisemi shujaa, kwa sababu hilo ndilo wachimbaji wanaloligombania. Shimba ni muuaji wa kutumwa. Alifukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, akiwa mtoto, mzee mmoja aitwaye Mabala akamfukua kwa mikono yake, akamlea, akamfundisha kisu. Tangu hapo Mabala akinyoosha kidole, Shimba anaua. Anaua wabaya, na mara nyingine anaua watu ambao ubaya wao hatukuuona sawasawa. Halafu toleo la nane, Mabala akanyoosha kidole kwa Limi, dada mmoja mpima dhahabu. Shimba alikuwa ameshampenda.

Matoleo matatu mazima Shimba alizunguka na kile kisu, hajui amsaliti nani. Watu walidhani Valerian anatafuta biashara. Mimi nilijua anatafuta ujasiri.

Kwa sababu Valerian naye alifukuliwa, tuseme. Wazazi wake walifariki akiwa na miaka sita, na baba yake mkubwa, mzee Bujiku wa Kishapu, ndiye aliyemchukua. Mzee aliuza ng'ombe wake wa kulimia ili kijana asome ufundi, akarudi kulima kwa jembe la mkono na umri ule. Sasa mzee huyohuyo alikuwa ameshakubaliana na rafiki yake wa siku nyingi, Mwigulu, kwamba Valerian atamwoa Sesilia, binti wa Mwigulu. Mimi alinikataa hata sura yangu hajaiona. Alisikia tu kwamba nina mtoto, akasema hawezi kupeleka ng'ombe kwa mwanamke ambaye mwenzake alishamwacha.

Wiki mbili nyuma nilimwambia Valerian achague. Yule bwana mdomo wake ni mzito, ukimuuliza kitu cha moyoni anaanza kukagua soketi. Mwishoni akasema, "Nitakujibu kwenye toleo la kumi na mbili," akapanda basi kwenda kwao.

Jibu lilikuja Jumanne, kwenye bahasha aliyompa kondakta, Adam akaipokea. Siku hiyo mimi nilikuwa Geita nimempeleka Mbuke kliniki ya macho, kwa hiyo Paskazia ndiye aliyefotokopi nakala zote na kuzibana, Adam akaondoka nazo pamoja na michoro yenyewe. Niliporudi jioni nilikuta nakala moja kwenye kaunta. Nikaisoma nimesimama.

Halikuwa na neno hata moja, picha tupu. Ukurasa wa kwanza Shimba na Limi wameshikana mikono mlangoni, jua linachomoza. Katikati Shimba amepiga magoti mbele ya Mabala, kisu kiko chini kati yao. Ukurasa wa mwisho Limi amelala, Shimba amesimama juu yake, kisu kiko hewani.

Nilifunga kile kijitabu nikafungia na namba yake. Mtu akikujibu hivyo, unamuuliza nini tena?

*

Saa nane mchana Marwa wa karasha la chini aliingia na vumbi lake jeupe mpaka kwenye kope. Alitupa nakala yake juu ya kaunta.

"Mama Mbuke, huyu mchoraji wenu yuko wapi? Nataka kumwona."

"Si mchoraji wangu."

"Amemuua Limi. Watu kule hawajafanya kazi vizuri tangu juzi. Yule Limi alimkosea nini?"

"Mzee alisema auawe," nilisema. "Si unajua Shimba ni mtiifu."

"Utiifu gani huo?" Marwa aliegemea kaunta, akaacha alama za viwiko. "Ngoja nikwambie. Mimi mwanzoni nilikuwa upande wa mzee. Mtu kakutoa kifusini, mwingine angekupita. Huwezi kuja kumgeuka kwa sababu ya mapenzi ya mwezi mmoja. Lakini sasa ona. Anamshika mkono dada wa watu mlangoni, halafu anakwenda kuchukua kisu. Kama alijua atamuua, kwa nini alimshika mkono?"

Lile ndilo swali nililokuwa nalo tangu Jumanne. Nikajifanya natafuta kalamu.

Na hapo hapo Valerian akaingia.

Alikuwa na begi begani na vumbi la safari, na alikuwa anacheka. Siyo kutabasamu, anacheka kabisa, meno yote. Wiki mbili zilikuwa zimemkondesha shingo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia nikimwona, nimeyapanga na maneno, na moyo wangu usio na adabu ukaruka kama haujasikia lolote.

"Martina," alisema. "Simu yako haipatikani siku tatu."

"Inapatikana. Ni wewe tu usiyeipata."

Alicheka tena, akidhani ni utani. "Toleo umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Na jibu langu umeliona?"

"Nimeliona. Wazi kabisa, hata maneno hayakuhitajika."

"Ndiyo maana sikuweka." Aliweka begi chini, akanitazama kwa yale macho yake ya kungoja sifa. Polepole uso ulianza kubadilika. "Sasa mbona umenuna?"

"Ulitaka nicheke?"

"Nilidhani utafurahi."

Marwa alirudi nyuma hatua moja. Paskazia aliacha kupepea mashine.

"Nifurahi," nilisema. "Valerian, wewe ni mtu wa namna gani? Miaka miwili unakula kwangu. Mbuke anakuita baba Vale. Unashindwa kuniambia mdomoni, unatuma kwa kondakta wa basi, halafu unakuja na meno nje, eti nifurahi."

"Sikuweza kusema mdomoni, unanijua. Ilikuwa ngumu, Martina. Sikula siku mbili."

"Pole. Sesilia atakupikia."

"Sesilia anaingiaje hapa?"

"Si ndiye uliyemchagua?" Niliinama, nikalivuta boksi, nikalipandisha juu ya kaunta kwa kishindo. "Vitu vyako. Kikombe nimekiosha. Mwambie mzee Bujiku kwamba mwanamke mwenye mtoto ameondoka mwenyewe, hakuna haja ya kunyoosha kidole."

Valerian aliangalia boksi, akaniangalia mimi. Sijawahi kumwona mtu aliyepotea namna ile akiwa amesimama mahali anapopajua. "Nimemchagua nani?" aliuliza taratibu. "Mimi?"

"Soma kazi yako mwenyewe." Nilichukua nakala ya Marwa nikamsukumia kifuani.

Aliishika. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Akapitisha kidole kwenye zile pini mbili. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Nani amebana upande huu?"

"Mimi," alisema Paskazia. "Kushoto. Upande wa siku zote."

"Kurasa ulizipangaje?"

"Kama siku zote. Hazikuwa na namba. Kwenye bahasha zilikuwa zimelala kifudifudi; nilipozigeuza hiyo ya mlangoni ikaja juu, nikaona ndiyo inayoanza."

Valerian alikaa juu ya rimu za karatasi. Akafunika uso kwa mikono.

"Hii inaanzia kulia," alisema ndani ya viganja. "Wajapani wanasoma kuanzia kulia kwenda kushoto. Matoleo yote nilichora kwa mtindo wetu, lakini hili nilitaka liwe manga ya kweli, kwa sababu lilikuwa lako. Niliandika maelezo pale juu. Anzia kulia, bana kulia."

"Pale juu pako peupe," nilisema.

"Niliandika kwa penseli ya bluu."

Kila anayefanya kazi dukani mle anajua habari ya penseli ya bluu. Valerian anachorea mistari yake ya kwanza kwa bluu hafifu kwa sababu mashine yetu haiioni, halafu anapitisha wino juu yake, na fotokopi inatoka safi kana kwamba mkono haukuwahi kukosea. Mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Sasa amechukua penseli ileile isiyoonekana na mashine, akaandikia jambo kubwa kuliko yote maishani mwake.

"Na mimi zile kurasa nilizipangia dirishani, mwanga wote usoni," alisema Paskazia. "Hata miwani sikuvaa. Mungu nisamehe."

Marwa alikuwa ameshakichukua kijitabu. Alikifungua kutoka nyuma, akawa anafunua polepole, midomo inacheza ingawa hapakuwa na cha kusoma. "Kisu juu," alinong'ona. "Kimeshuka. Anaondoka. Anakwenda kwa mzee. Anapiga magoti." Akafunua mmoja zaidi. "Anakiweka chini. Mama Mbuke, anakiweka chini, hakiokoti. Halafu mlangoni." Alinitazama na macho mekundu ndani ya ule unga mweupe. "Hajamuua. Jamani, huyu kijana hajamuua."

Nilimnyang'anya. Nikaanzia pale alipoanzia yeye, na kurasa zilezile zilizonilaza macho siku tatu zikaanza kuninyanyua moja moja. Kisu kilishuka. Mkono wa Shimba ulikuwa unatetemeka, nilikuwa sijauona ule mtetemeko. Mbele ya Mabala alikuwa analia. Na mlangoni, mkono wa Limi, niliutazama vizuri sasa, ulikuwa mkono wangu, na kile kidole cha shahada kilichopinda nilipobanwa na mlango wa stoo.

Nilikaa chini, pale pale nyuma ya kaunta, nikacheka, na machozi yakatoka humohumo ndani ya kicheko. Nilikuwa nimechoka kumchukia. Sikujua kama nilikuwa nimechoka kiasi kile.

Valerian alizunguka akaja akachuchumaa mbele yangu. "Hata namba ulifungia?"

"Hata namba."

"Ungenipigia ukanitukana tu."

"Ningekutukana ningelia. Sikutaka ulisikie hilo."

"Na mimi kule nampigia mtu hapatikani, nikasema ni mtandao wa Kishapu." Alinifuta shavu kwa kidole gumba, akaacha alama ya vumbi. "Adam aliniambia watu wamelia. Nikafurahi, nikajua wameguswa."

"Nakala zote wapi sasa?" Paskazia alikuwa ameshika kiuno. "Zirudi nizibanue. Siwezi kuonekana muuaji mimi kwa sababu ya pini."

"Mimi nazikusanya," alisema Marwa, na akatoka mbio kama mtu aliyeambiwa dhahabu imeonekana.

*

Tulipobaki watatu nilimuuliza lile lililobaki. "Na mzee?"

"Siku ya Jumatatu nilizipanga kurasa zote uani, chini, nikamwita. Nikamwambia, baba, haya ndiyo ninayotaka kukuambia. Alizitazama moja moja amejishika mgongo. Akauliza, huyu mzee mbona ana pua yangu?"

"Mungu wangu."

"Nikasema, ni bahati tu. Akasema, Vale, usinidanganye, hii pua ni ya ukoo." Alijaribu kucheka akashindwa. "Halafu akaniuliza, mimi nilikutuma kumuua nani?"

Matoleo kumi na mawili nilikuwa namchukia mzee Mabala, na kumchukia Mabala kulikuwa ndiyo njia yangu ya kumchukia Bujiku bila dhambi. Mzee mwenyewe nilikuwa sijawahi hata kusikia sauti yake. Alichonifanyia mimi, nami nilikuwa namfanyia yeye.

"Ukamjibuje?"

"Niliinama kuzipanga kurasa upya. Kisha akauliza jambo moja tu. Huyu mzee akishaachiwa kisu chake hapo chini, anabaki anaishi na nani? Nikamwambia sijachora. Akaingia ndani." Valerian aliangalia mlangoni. "Kesho yake asubuhi nilituma bahasha. Alikuwa hajasema neno. Nilituma hivyohivyo, Martina, sikusubiri aniruhusu. Nataka ulijue hilo. Lakini niliumia. Hakuna upande ambao sikuumia."

"Najua."

"Jana alfajiri nikaona anavaa koti. Akaenda mwenyewe kwa Mwigulu, akavunja maneno waliyokuwa wameweka. Walichunga pamoja toka utoto wale. Amerudi akaniambia, Mwigulu hanisalimii tena. Halafu akasema, jiandae, twende nikamwone huyo mtu."

Ilichukua muda kuniingia. "Twende wapi?"

"Yuko nje. Nilimwambia anisubiri kwenye kivuli cha duka la jirani, nije kwanza nione kama umefurahi."

Paskazia aliitupa ile kadibodi. Mimi nilisimama, nikatafuta khanga, nikaifunga juu ya suruali, nikajipangusa uso nikazidi kujipaka vumbi, na kabla sijajua niweke wapi lile boksi, mlango ulipata kivuli.

Alikuwa mzee mrefu, mkavu, koti la kijivu lililopigwa pasi, fimbo mkononi. Pua ilikuwa ileile.

Mimi ni mtu wa kiburi, sikatai. Nilikuwa nimejiambia mara nyingi kwamba siku nikikutana naye nitasimama wima nimtazame. Lakini nilimwona mtu aliyepoteza rafiki jana na kukaa kwenye basi tangu giza, na magoti yenyewe yakashuka, pale kwenye sakafu iliyojaa vipande vya karatasi.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Alitazama mashine, akatazama rafu za madaftari, akatazama lile boksi lenye shati la mtoto wake likining'inia mkono mmoja nje. Kwetu sisi salamu isiyoitikiwa ni hukumu, na nilikaa pale chini nikiingoja.

"Marahaba, mayu," alisema hatimaye, akiniita mama kwa Kisukuma. "Wewe ndiye Martina."

"Ndiyo baba."

"Nilidhani ni mrefu zaidi."

"Nimepiga magoti, baba."

Kitu kidogo kilipita pembeni mwa mdomo wake, kikapotea. "Huyu amenichora pua kubwa. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Yangu ni ndogo kuliko ile."

Mzee aliegemeza fimbo kwenye kaunta, akaweka mikono yote miwili juu yake. Vidole vilikuwa vigumu, vya jembe.

"Na huyo mtoto," alisema.

Nilijua tutafika hapo, na nilijua kwamba lolote jingine ningeweza kulimeza ila neno baya juu ya Mbuke. "Yuko shule, baba. Anatoka saa kumi."

"Anaitwaje?"

"Mbuke."

"Hilo ni jina la kwetu. Mbuke nani?"

"Mbuke Athanas." Niliona anasubiri, nikaendelea. "Athanas ni baba yangu mimi. Alishafariki. Wakati wa kumwandikisha mtoto waliniuliza jina la baba, sikuwa na lingine la kuwapa."

Mzee Bujiku alitikisa kichwa taratibu, akawa anahesabu jambo fulani ambalo sisi hatukuliona. Alimtazama Valerian kwa muda mrefu, yule mtoto aliyemchukua akiwa na miaka sita. Kisha akanirudia mimi.

"Kwa hiyo marehemu ndiye anayemlea mpaka leo."

"Ndiyo baba."

"Peke yake, tena akiwa huko aliko." Alikohoa. "Amefanya kazi kubwa. Mwambie sasa apumzike, sisi tupo."

Nilitaka kusema asante kwa Kiswahili, nikasema wabeja, asante ya Kisukuma chake. Ndipo nilipogundua kwamba muda wote ule mzee wa watu alikuwa amesimama, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumpa kiti. Nilijipangusa macho kwa pindo la khanga, nikainuka nikaenda kumtafutia.